Inspekta Naogopa

Kila Jumamosi saa nane mchana, fundi mmoja wa nguo za kike alikuwa anafunika cherehani yake kwa shuka, anasukuma meza ya kukatia mpaka ukutani, na duka linageuka sinema. Sinema ya watu watatu, msicheke! Mwenyewe fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkalimani. Kinyozi wa mlango wa pili. Na wifi yake fundi, dada wa mumewe, muuza maziwa asiyemung'unya maneno.

Walikuwa wakitazama filamu za Uingereza na si kingine. Miaka sita nyuma kinyozi alipewa kasha zima la DVD na mteja aliyekuwa anahama. Zilikuwa ishirini na mbili, zote za upelelezi, zote za inspekta yuleyule mrefu mwenye koti la kijivu. Walishazirudia mpaka wanajua mbwa atabweka wapi, na bado walibishana kama vile maiti imeokotwa leo asubuhi.

Na kila mtu aliona kazi yake mle ndani. Kinyozi alikagua ndevu. "Huyo kanyoa shavu moja tu vizuri," angesema. "Ana haraka. Ndiye muuaji." Na alipatia mara nyingi, mshenzi yule! Wifi alikagua maziwa. "Tone moja! Birika zima lile, tone moja! Jamani, wale watu ng'ombe wao wamekufa?" Mkalimani macho yake hayakubanduka kwenye koti la inspekta, kwenye kifungo cha pili kilichoning'inia kwa uzi mmoja filamu baada ya filamu. Vidole vilikuwa vinamwasha kukishona.

Jina la Mkalimani hakuliokota barabarani. Kati ya watatu wale ni yeye aliyekaa shuleni muda mrefu kidogo, tena alikuwa na kamusi, ingawa ilishapoteza jalada na herufi mbili za mwisho. Basi yeye ndiye aliyetafsiri, na alitafsiri bila wasiwasi wowote. Kulikuwa na neno moja ambalo halikumkauka inspekta mdomoni: aimafredi, yaani "I'm afraid" ya Waingereza. Mkalimani alilisaka kwenye kamusi, akakuta ni kuogopa. Akashika hapohapo. Inspekta akigonga mlango wa mjane: "Naogopa, nina habari mbaya." Akiletewa kikombe: "Naogopa, chai imepoa."

"Anaogopa chai?" kinyozi aliuliza siku hiyo ya kwanza.

"Anaogopa kila kitu," Mkalimani alimjibu. "Ndivyo alivyo. Lakini mtazame, anaingia hivyohivyo."

Hapo ndipo walipompenda kabisa. Wakambatiza Inspekta Naogopa. Kinyozi alishikilia kwamba aliumwa na bata bukini utotoni. Wifi akasema la, ni mambo ya mama wa kambo, na kwa hilo waliacha kusalimiana siku mbili nzima.

Mwaka jana wifi aligundulika ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, akaambiwa apasuliwe. Huyu mama asiyemwogopa hata mbwa mkali wa mtaa wa nyuma alikwepa miezi minne. Leo maziwa yamechacha, kesho mguu unauma. Kisha asubuhi moja akaoga, akajifunga kitambaa, akaenda. Alipofika mlangoni pa chumba cha upasuaji alimwambia daktari, "Naogopa," kisha akaingia. Alirudi anaona mpaka sindano iliyoanguka sakafuni, na hadithi hiyo aliisimulia kwa kila aliyenunua nusu lita.

Sasa bwana, Jumatatu moja alikuja mteja, dada wa mapokezi hotelini, kupunguziwa sketi. Simu yake ikalia, akampokea mgeni kwa Kiingereza laini: aimafredi, vyumba vimejaa.

Mkalimani akacheka. "Dada yangu, vyumba kujaa nako kunaogopesha?"

"Kuogopa?" Yule dada akamwangalia. "Hapana, mama. Ni kama kusema samahani, bahati mbaya. Ustaarabu tu."

Sindano ikamwingia Mkalimani kidoleni, wala hakuisikia.

Kesho yake kinyozi alikuja mbio, brashi mkononi, mteja wake kamwacha kitini na povu kidevuni. Televisheni imetangaza! Jumamosi saa tisa, filamu mpya ya inspekta, na chini yake maandishi ya Kiswahili!

"Utapumzika, Mkalimani," alisema.

"Nitasoma mimi, kwa sauti," wifi akadakia, "kwa macho yangu haya mapya. Siku hiyo tutajua kama ulikuwa unatulisha matango pori."

Wakacheka wote wawili. Mkalimani naye alicheka. Kuchekwa angekuvumilia. Kilichomkosesha usingizi ni wifi yake pale mlangoni pa upasuaji, kashika mkono wa inspekta mwoga ambaye hakuwapo kamwe. Atamwambiaje? Siku nne alilifungua lile neno kinywani na kulimeza. Jumamosi mchana aliusogelea hata waya wa antena auchomoe, akaushika, akauachia. Aibu ilimzidi.

Saa tisa ikafika. Inspekta akagonga mlango, akavua kofia, akasema neno lake. Wifi akasoma, sauti juu kama anatangaza msiba: "Samahani, nina habari mbaya."

Akaletewa chai. "Kwa bahati mbaya, imepoa."

Kinyozi akajikuna kidevu. "Mbona leo haogopi?"

Mkalimani akasimama, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. "Hakuwahi kuogopa," alisema. "Nilikosea. Neno lile ni samahani tu. Miaka sita yote nilikosea. Mnisamehe. Wewe hasa, wifi yangu."

Wifi alimtazama, akaitazama televisheni. Kisha akainuka, akaenda kwenye kapu la vipande, akachagua utepe wa bitana nyeusi. Akachukua selotepu mezani, akaubandika ule utepe kwenye ukingo wa chini wa kioo cha televisheni, kutoka pembe hii hadi pembe ile. Maandishi yote yakapotea.

"Wee wifi, unafanya nini?"

"Samahani kila mtu anasema," wifi alijibu. "Mimi nimeisema mara ishirini tangu asubuhi. Yule aliyeogopa akaingia ndiye aliyenipeleka hospitali, na mimi namtaka yuleyule. Hao walioandika wamemjua lini?"

"Hata habari za yule bata bukini hawazijui," kinyozi akasema, akaongeza sauti.

Inspekta alikuwa amesimama mbele ya mlango wa ghala, ndani giza tupu, mkono kwenye kitasa, kifungo kinaning'inia. Akasema maneno mengi, na katikati yake likapita lile neno. Wifi akavuta kigoda chake mpaka magoti yakagusana na ya Mkalimani.

"Haya, tafsiri. Anasemaje?"

Mkalimani alijifuta macho kwa ncha ya futi. Alikuwa na furaha.

"Anasema anaogopa," alisema.

"Ehee," wifi akasema. "Sasa aingie."