Dagaa Badala ya Vidonge

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nje ya maabara ya baiolojia. Mimi darasani siulizi maswali, hata kuomba ruhusa ya kutoka naona aibu. Siku hiyo nilimfuata mwalimu nikamuuliza: utumbo wa mtu ukikaa umevimba miaka minne, hauwezi kupoa wenyewe?

Akasema uvimbe hauishi kwa kuchoka tu. Kuna molekuli ndogo sana ambazo mwili unazitengeneza kutokana na asidi za mafuta, zikiwemo za mafuta ya samaki. Hizo ndizo zinazoziambia chembe nyeupe za damu: basi, vita vimekwisha, safisheni. Kwa wagonjwa wengine labda ujumbe haufiki vizuri. "Bado wanachunguza," akasema.

Nilichanganyikiwa. Utumbo huo ni wa mama, na hospitali walimkataza vyakula vya mafuta, sasa tena mafuta ndiyo yanayoponya? Nilifika nyumbani Ipuli nikamweleza hivyo hivyo, nusu nusu.

"Shuleni unakaa kimya kama gunia, huku unanihutubia!" akacheka. Lakini alisikiliza. Kesho yake akanunua dagaa wa Kigoma, akawa anawala kila siku. Na mimi nikajiona daktari.

Jumapili ya tatu, nikifua kanga zake, nikaona damu. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na yeye alikuwa amenificha. Nikamuuliza vidonge vyake vya hospitali viko wapi. Akavitoa nyuma ya ndoo ya unga, pakiti nzima.

"Si uliniletea dawa ya dagaa? Dawa mbili hazikai tumbo moja, mwanangu, unajua."

Najua. Kwetu ukinywa dawa ya mizizi, vidonge vya hospitali unaviacha kwanza, visigombane. Lakini mimi sikusema dagaa ni dawa. Au nilisema? Nimejaribu kuyakumbuka maneno yangu, siyapati.

"Basi nimeze vya wiki zote hizo kwa mkupuo?"

"Hapana, mama! Sijui. Kwa kweli sijui."

Asubuhi sikwenda shule. Nilimpeleka hospitali kwa bajaji. Daktari alipouliza kwa nini aliacha vidonge, mama akasema, "Nilisahau tu, uzee huu."

Hana hata miaka arobaini. Nikasema hakusahau, ni mimi niliyemweleza vibaya. Daktari hakunisikia. Nikarudia kwa sauti, yote, kuanzia pale maabara.