Megabiti za Watu Watatu

Nilifundisha hesabu shule ya msingi hapa Kirushya mpaka nikastaafu, kwa hiyo fundi wa intaneti aliponiuliza nyumba yetu inahitaji kasi kiasi gani, nilimwomba asubiri nikachukue daftari.

Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Hilo nilikuwa nimeshajisomea. Binti yetu alikuwa na usaili wa kazi ya uuguzi kwa njia ya video, Alhamisi saa nne asubuhi. Yeye nikampa megabiti tatu. Mama yake, mpenzi wa kwaya, moja. Mimi na habari zangu, moja. Jumla tano.

"Na wageni je, mwalimu?" fundi akauliza.

Nikamwambia wageni huku kwetu hula ndizi, hawali megabiti. Nilicheka peke yangu. Akatufungia tano.

Usaili uliotangulia binti alikuwa ameukosa. Mtandao wa simu yake ulikatika akiwa katikati ya sentensi, na tangu siku hiyo alikuwa akipalilia maharage nasi bila kusema mengi. "Baba," aliniambia, "huu nao ukinipita, sitaomba tena." Nililala vibaya siku ile.

Sasa, kwetu pombe ya ndizi ikiiva haifichwi. Mtungi unawekwa katikati, kila mtu anachomeka mrija wake, na mpita njia akipiga hodi anapewa mrija kabla hajaketi. Anayejifungia ndani akanywa na mkewe tu, watu watamsema mpaka wajukuu zake wasikie. Mimi sikujifungia. Jumapili baada ya ibada nilisimama nikatangaza kwamba kwangu kuna intaneti, eti natoa taarifa tu. Kufika Jumatano neno la siri lilikuwa limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa jiko, kwa mwandiko wangu mkubwa wa darasa la kwanza.

Alhamisi, saa nne kasorobo, ua ulikuwa umejaa watu na simu zao, kila moja ikiimba au ikihubiri.

"Shikamoo, mwarimu," alisema mama jirani. "Mtandao wenu ni mtamu!"

"Marahaba, karibu," nikajibu, kichwa kimevimba.

Saa nne ilipofika nikamsikia binti ndani. "Mnanisikia? Samahani, mnanisikia?" Nikachungulia. Kwenye kompyuta wasaili watatu walikuwa wameganda, mmoja mdomo wazi. Sauti ya binti ilikuwa inatetemeka.

Nikarudi uani kwa wageni. Lakini mgeni unamwambiaje achomoe mrija? Sijawahi kulisema neno hilo maishani. Nikaanza kwa salamu, nikapitia habari za mvua, nikawa naelekea kwenye maharage, mke wangu akanipita.

"Zimeni simu, mtoto yuko kwenye usaili!"

Walizima wote papo hapo. Mama jirani ya kwake akaizungushia khanga na kuikalia. Hakuna aliyenuna. Nikarudi kuchungulia: mdomo bado wazi.

"Fundi yule ametuibia!" nikafoka. "Nilijua tu!"

Ua ukiwa kimya namna ile, kila mtu aliisikia sauti iliyotoka mfukoni mwa koti langu. Ilikuwa ya bwana mmoja akieleza, taratibu na kwa ufasaha, jinsi ya kukokotoa kasi ya intaneti inayohitajika nyumbani. Nilikuwa nimemwacha akizungumza tangu asubuhi. Na huku nyuma simu ilikuwa inapakua masomo yake mengine yote kumi na mawili, kama nilivyoiagiza.

Mke wangu alinyoosha mkono. Nikampa simu, akaizima.

"Sasa tunakuona vizuri," ikasema sauti ndani. "Endelea."

Tulikaa chini wote, tukamsikiliza dirishani akieleza anavyompokea mgonjwa aliyefika akiwa na hofu. Mama jirani alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila jibu. Mimi nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona.

Kazi aliipata, mbali na hapa. Hupiga simu ya video kila Jumapili baada ya ibada, ua ukiwa umejaa. Hakuna anayeambiwa, simu ya mama yake ikilia tu, kila mtu anazima ya kwake. Kisha wote wananigeukia na kusubiri, mpaka niyageuze mifuko ya koti nje.