Binti wa Samurai

Mama Cherehani alikuwa hajui gemu, tuseme hivyo mapema tusije tukadanganyana. Alijua kupima kiuno cha mtu kwa jicho na kujua kitambaa kipi kitachuja rangi, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha tangu usichana wake. Ukumbi wa gemu ulikuwa wa mumewe, Mzee Mitambo: chumba cha mbele cha nyumba yao, runinga tatu, mabenchi, na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Kisha asubuhi moja, Mzee Mitambo akiwa ananyoa ndevu, kiharusi kikamwangusha. Kikaondoka na mkono wa kulia na maneno yote. Daktari alisema anasikia na anaelewa, ila kusema, hapo tumwachie Mungu. Mke akasukuma cherehani yake hadi kona ya ukumbi, akashika funguo.

Gemu za mpira hazikumsumbua, maana goli ni goli. Kilichomtoa jasho ni gemu za samurai, yule mpiganaji wa panga wa Kijapani. Kinyozi wa duka la jirani aliingia mchana, akalipa, akashika padi, kisha akakaa tu.

"Mbona huanzi?" Mama Cherehani aliuliza.

"Nasubiri hadithi, mama."

"Hadithi gani tena?"

"Ya samurai. Wenyewe wanaongea Kijapani, nani anawaelewa? Mzee alikuwa anasimama hapo nyuma anatusimulia. Bila hadithi ni kuchinjana tu, na damu naiona ya kutosha nikinyoa videvu."

Makubwa! Mume ambaye mezani aliomba chumvi kwa kidole, kumbe huku mbele alikuwa msimulizi, tena wa kusubiriwa! Mama Cherehani alishika mdomo. Lakini biashara ni biashara, akavuta kiti akajaribu. Aliona mtu mwenye kofia ya majani, panga mbili kiunoni, na suruali pana ya marinda.

"Marinda hayo nani kayapiga pasi huko vitani?" aliropoka, na ukumbi mzima ukacheka.

Basi hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Mwisho wa gemu ya pili katika mfululizo huo samurai alikufa, akazikwa, mvua ikanyesha juu ya kaburi. Kesho yake wakaweka ya tatu, huyo hapo anatembea, mzima, hana hata ndevu.

"Huyu si tumemzika jana?"

"Hii ni ya ujana wake, mama," kinyozi alimwelewesha. "Ya tatu ni ya zamani kuliko ya kwanza."

"Na ya nne?"

"Ya nne yeye hayumo. Ni mjukuu wa adui yake."

"Na hii mpya?"

"Hiyo inaitwa jina lile lile la ya kwanza, lakini si ya kwanza."

"Mtu na akili zake timamu anahesabu hivyo?" alifoka Mama Cherehani. Alitamani arudi kwenye vifungo vyake, ambavyo cha kwanza kiko juu na cha mwisho kiko chini, basi.

Na si gemu tu iliyokuwa ikimvuruga. Wiki hiyo hiyo binti yao alikuwa amepiga simu. Ndiye mtoto wao wa pekee. Baba alimtafutia nafasi ya uuguzi kwa kupiga magoti kwa watu, yeye akachagua kuendesha malori. Siku anaondoka, baba alimwambia mlangoni: "Ukitoka, usigeuke. Mimi sina mtoto." Tangu hapo jina lake halikutajwa ndani ya nyumba ile. Mama alizungumza naye kwa wizi, uani, huku bomba likimwaga maji ili sauti isisikike.

Sasa binti alikuwa amesikia habari za ugonjwa. "Nije, mama?" aliuliza. "Lakini muulize baba kwanza. Nikija akanigeuzia uso ukutani, sitaweza tena."

Utamuulizaje mtu asiye na maneno? Alimuuliza hivyo hivyo. Mzee akalia, akapiga godoro kwa mkono wa kushoto. Ni ndiyo, au ni hapana? Daktari alishasema wagonjwa wa namna hii huweza kulia hata bila sababu, na kwamba hasira ni sumu kwake. Akimleta binti, mzee akapandwa na jazba, kiharusi kikarudi kummaliza? Asipomleta, mzee akafa hivi hivi? Mama Cherehani alishona mikono ya shati kwenye suruali siku ile, wallahi. Binti alipopiga tena, alimwambia asubiri.

Siku moja kinyozi akahema. "Mzee katuacha pabaya kweli. Binti hajapatikana."

Mama Cherehani akajichoma sindano. "Binti gani?"

"Binti wa samurai! Si alimfukuza mwenyewe? Msichana alikataa kuwa mganga wa kasri, akataka kuongoza farasi wa mizigo. Baba akamwambia usigeuke. Vumbi halijatua, keshajuta, lakini samurai akishatamka ndiyo imetoka hiyo, aibu inamfunga kinywa. Ndiyo maana anazunguka. Kila kijiji anauliza, mmemwona msichana na farasi wa mizigo? Hawa wanaomzuia njia ndio anaowakata. Mzee alituahidi sehemu ya mwisho atampata."

Loo, alijisemea Mama Cherehani, kumbe ubaba ni ule ule hata Ujapani! Akataka kuona mwisho wake. Alifunga ukumbi mapema, akaweka gemu moja baada ya nyingine, akamtafuta msichana huyo kuanzia ya kwanza ambayo si ya kwanza hadi ya tatu ambayo ni ya zamani. Aliona wafalme, watawa, majambazi na mbwa. Farasi wa mizigo hakuna. Msichana hakuna.

Akampigia simu fundi aliyewauzia zile gemu, rafiki wa siku nyingi wa mumewe, ambaye alikuwa akizifuata tangu ilipotoka ya kwanza kabisa.

"Binti?" fundi alicheka. "Shemeji, yule bwana hana mtoto hata wa kuazima. Analipiza kisasi cha bwana wake, basi. Watengenezaji walimuua katika ya pili, mashabiki wakaja juu, ndiyo wakarudi kwenye ujana wake. Kampuni ikafilisika, wengine wakainunua, wakaanza upya. Zote nimezicheza mpaka mwisho. Nani kakwambia habari za binti?"

Mama Cherehani akakata simu. Alikaa kwenye benchi la wateja. Usigeuke. Farasi wa mizigo. Kila siku, hatua chache kutoka jikoni kwake, mbele ya vinyozi na madereva na kila aliyelipa!

Aliingia chumbani. "Baba," alisema, "huyu binti wa samurai umemtoa wapi?"

Mzee Mitambo alimtazama mkewe. Kisha akaanza kulia, akapiga godoro kwa mkono wa kushoto, vile vile kama siku ile. Safari hii mkewe aliushika ule mkono, na kwa mkono wake mwingine akapiga simu, pale pale kitandani, bila bomba wala wizi.

"Njoo nyumbani," alimwambia binti.

"Baba kasema?"

"Kasema."

"Kasemaje, mama, na hawezi kusema?"

"Alikuwa anasema miaka yote hii, mwanangu. Aliwaambia watu wote isipokuwa sisi."