Chambo Kilichosimama Majini

Haya yalitokea. Naanza hivyo kwa sababu najua ukifika katikati utataka kuniuliza kama nilikuwa nimelewa, au nina homa, au nilisinzia. Sikuwa hata kimoja. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, jua limeshatoka, tumboni nina chai tu, na rafiki yangu Sele alikaribia kuondoka duniani mbele ya macho yangu.

Mimi wakati huo niliuza vifaa vya uvuvi katika duka dogo Deira. Mtu wa Kitui, nimekulia kwenye ukame, kisha nauza ndoana Dubai! Sele hakuchoka kunicheka kwa hilo. Yeye ni Mzanzibari, ananizidi umri, alikuwa dereva wa gari la mizigo huko Al Quoz, na Alhamisi jioni alikuwa akija dukani na vikombe viwili vya chai ya karak kuuliza maji yakoje.

Swali hilo lilikuwa na maana. Miaka ile walikuwa wakimwaga mchanga baharini kutengeneza visiwa, na pwani nzima ilikuwa tope. Lakini Januari, upepo ukilala siku kadhaa na baridi ikashika, maji yaliweza kuwa kioo. Hapo ndipo tulipowasha moto! Tulivua kwa samaki bandia, wale wembamba wa plastiki wenye ndoana tatu tumboni. Na kwenye baridi kuna namna yake. Samaki hakimbizi kitu, anasogea tu anatazama. Basi unavuta kwa ncha ya fimbo, mvuto mfupi, mvuto mfupi, kisha unaacha. Chambo kizuri husimama palepale, hakipandi wala hakizami. Ni wakati huo wa kutulia ndipo kinapigwa. Ukivuta tu bila kusimama, utarudi nyumbani na mikono mitupu.

Alhamisi hiyo akaingia mteja. Kanzu nyeupe, safi, umri wake huwezi kuukadiria. Nina tabia ya kuangalia watu, kwa hiyo niliona kwamba nje kulikuwa na vumbi na viatu vyake havikuwa na hata chembe. Akanisalimu kwa Kiswahili, akaomba samaki bandia wa maji baridi na maangavu.

"Unafuata samaki gani, mzee?" nikamuuliza.

"Acha samaki," akasema. "Wewe ukimwona majini, yupi ungemfuata?"

Nikacheka. "Mimi si samaki, mzee wangu."

"Nijibu hivyo hivyo."

Basi nikamjibu, kwa sababu ni kazi yangu na naipenda. Nilimwambia kwenye maji maangavu usichukue rangi za kelele, njano na nyekundu waachie maji ya tope. Nikamtolea mmoja mwenye mgongo wa fedha, tumbo linaloonyesha mpaka ndani kama dagaa mbichi. Kusema kweli nilikuwa nimemficha chini ya kaunta, nikimtamani mwenyewe. Sele akanyoosha shingo. "Yakhe, huyo hata mimi ningemla!"

Dukani tulikuwa na beseni kubwa la kujaribia. Nikamtumbukiza mle, akasimama katikati ya maji kama ametundikwa kwa uzi. Uzuri ulioje! Sasa sikiliza hapa. Kila mteja, kila mmoja bila kubagua, huinama kutazama chambo. Huyu hakuinama. Alitutazama sisi. Mimi kwanza, halafu Sele, na kwa Sele alikaa zaidi.

Alipolipa akaondoka na chambo chake, Sele akasema, "Mtu wenu yule mstaarabu."

"Mtu wetu? Si wa kwenu yule!"

"Nenda zako. Kasema Kikamba kitupu ndani ya Kiswahili, ana lafudhi yako ileile ya kutafuna maneno."

Mimi nilikuwa nimesikia Kiunguja safi, kama cha Sele mwenyewe. Tukabishana mpaka karak ikapoa, kila mmoja akimwona mwenzake kiziwi. Tukacheka. Unaona tulivyokuwa wajinga?

Asubuhi tulikuwa kwenye ukuta mmoja wa mawe wa kuzuia mawimbi, mbali kupita Jumeirah. Ukungu ulikuwa umekwisha kupaa. Nikachungulia chini nikapiga kelele kama mtoto: unaona mchanga wa chini, unaona kaa anatembea, na hapo ni kina cha watu watatu waliopandana mabegani! Tumevaa majaketi, pumzi zetu zinaonekana, vidole vinauma, na furaha imetujaa.

Sele alianza vibaya, anavuta haraka haraka kama wa Julai.

"Acha kitulie, Bwana Sele!"

"Leo mtu wa bara ananifundisha bahari. Khalas, nimekwisha."

Lakini akatii. Mvuto, mvuto, akaacha. Nikamwona mzia, mrefu kama mkono, akija taratibu kutoka kwenye mawe, akasimama nyuma ya chambo, akakitazama. Akapiga! Sele akampandisha huku akinitukana kwa furaha, na mimi nikiruka juu ya mawe yenye utelezi kama mwendawazimu.

Alikuwa ananawa mikono ndipo akakiona chambo kingine.

"Tazama, kuna mtu kakatikiwa mshipi."

Karibu na mawe, hatua chache tu, samaki bandia alikuwa amesimama majini peke yake. Mgongo wa fedha, tumbo linaloonyesha. Hakuna mshipi, au sikuuona. Sasa, wewe kama si mvuvi hutaelewa, lakini hakuna mvuvi anayeacha chambo majini. Tunavua suruali, tunaingia baridini, tunachanika kwa chaza, ilimradi tukitoe. Sele alikuwa tayari ameshuka jiwe la kwanza.

Akanyoosha mkono. Chambo kikasogea kidogo, mara mbili, kikasimama.

"Mkondo huo," akasema, akashuka jiwe la pili.

Kikasogea tena. Mfupi, mfupi. Kikasimama.

Hakukuwa na mkondo. Maji yalikuwa yamelala kabisa. Na ule mwendo niliujua, kwa sababu niliwafundisha watu kila siku nikiwa nyuma ya kaunta. Nikafuata kwa macho kule chambo kilikovutwa, chini, chini zaidi, na kwa kuwa maji yalikuwa kioo, nikamwona.

Alikuwa amesimama juu ya mchanga, chini kabisa. Kanzu yake haikuelea wala kuyumba. Fimbo mkononi, ncha yake juu, na uso umeinuliwa kumtazama Sele kama sisi tulivyomtazama yule mzia.

"Sele! Toka!"

Lakini maji yalikwisha kumfika kiunoni, na alikuwa anatabasamu. Akakishika.

Sikuona ndoana ikizama kwenye kiganja, nilisikia ukelele wake. Mkono ukavutwa, bega likafuata, Sele hakuwepo. Mimi sijui kuogelea, nakuambia ukweli, ningeruka tungekufa wawili. Nilichokuwa nacho ni fimbo. Nikarusha. Nilirusha kama sijawahi kurusha maishani, chambo kikampita kidogo, nikakirudisha kwa nguvu, na ndoana zikashika jaketi lake mgongoni. Nikaegemea nyuma kwenye mawe nikavuta. Nikaita Yesu, nikaita Bismillahi, nikamwita mama yangu. Upande wa pili kulikuwa na mtu anavuta, na anajua kuvuta: nikilegea naye analegea, nikikaza anakaza. Sele katikati yetu.

Kisha mkono ukachanika. Nyama ilikatika, ndoana ikatoka, na Sele akaja juu akikohoa maji na damu. Nikamkamata ukosi, nikamburuta mpaka juu ya mawe.

Niliangalia tena chini. Kwa nini niliangalia? Sijui, ndivyo nilivyo. Yule alikuwa anakusanya mshipi wake taratibu, bila hasira. Akakishika chambo, akajaribu ncha ya ndoana kwa kidole gumba, kama mvuvi yeyote aliyeponyokwa. Akageuka, akaanza kutazama upande wa pili wa ukuta, kutafuta pengine pa kurusha.

Sele alishonwa. Vidole viwili havikunjiki hadi leo. Hospitalini daktari alituambia ajali za ndoana ni za kawaida, tukamwambia ndiyo, ni kawaida. Sele bado anavua, lakini ukimwalika husema, "Maji yako vipi?" Yakiwa tope anakuja. Yakiwa maangavu anajigeuza kitandani, anavuta blanketi.

Na wewe, asubuhi ya baridi, ukiona majini kitu kizuri kimesimama tu kinakungoja, usishuke. Kirushie kokoto kwanza. Chambo kilichokatika hakikwepi.

Mimi nimewahi kurusha kokoto mara moja tu, Januari iliyofuata. Kilikwepa.