Nyota Tano za Bwana Masoud

Masoud alikuwa mgeni bora. Walisema hivyo watu kumi na mmoja, na wote walisema kwa maandishi, kwenye ile programu ya simu ambayo watu siku hizi huitumia kupangisha nyumba zao kwa siku mbili tatu. Mmoja aliandika "mpole na mcha Mungu." Mwingine "msafi sana." Mwingine "kama mtoto wa nyumbani." Kila mmoja alimpa nyota tano, na hapo ndipo mwisho, nyota ya sita haipo.

Bi Mize binti Mwishehe aliyasoma maneno hayo Alhamisi baada ya Adhuhuri, miwani puani, kidole kikifuata mstari kwa mstari kama alivyofundishwa darasa la pili. Alipomaliza akasema alhamdulillahi, Mungu ameniletea mtu.

Na alimhitaji mtu. Nyumba ile ya vyumba vitatu, hatua chache kutoka soko la Bagamoyo, waliachiwa na marehemu baba yao, yeye na kaka yake Dadi. Dadi anauza saruji, na tangu matanga yaishe hakuacha kuitazama sebule ya nyumba ile kwa jicho la mtu anayepanga mifuko. Kikao cha ukoo kikakata shauri: Mize akae chumba cha uani na apokee wageni katika vile viwili vya mbele, mpaka Idi kubwa. Wageni wakiwa wanakuja, nyumba ibaki mikononi mwake. Wakikauka, mbele pawe stoo ya saruji na Mize ahamie kwa kaka yake, alale chumba kimoja na wajukuu. Dadi alisema hana ubaya, anamhurumia tu dada yake, kazi ya wageni ni nzito kwa mwanamke wa umri ule. Huruma ya Dadi ilikuwa kubwa kweli. Alikuwa ameshaipima kwa futi.

Aliyeiweka nyumba mtandaoni ni Adila, binti wa Dadi mwenyewe, ambaye alimpenda shangazi yake kuliko saruji. Ndiye aliyemfafanulia Bi Mize kwamba siri yote ni nyota. Mgeni akiondoka anakupa nyota, nawe unampa zake. Ukiwa nazo karibu na tano unaonekana mbele. Ukishuka, unasukumwa nyuma kabisa, hata anayekutafuta hakuoni. Bi Mize mpaka hapo alikuwa amepata wageni wanane. Saba walimpa tano, na wa nane, mzungu mmoja, alimpa nne kwa sababu jogoo wa jirani aliwika. Bi Mize alimwombea dua, yule mzungu, na jogoo pia.

Ijumaa Masoud akafika kutoka Dar es Salaam. Akasema "shikamoo mama yangu" na akainama hasa, si kama vijana wengine wanaoitupa shikamoo huku wanatazama simu. Aliandika kwamba wanakuja wawili. Walishuka garini sita. Wale wanne, alisema, wanamsindikiza tu. Wakamsindikiza mpaka Jumapili.

Kuhusu usafi, watu kumi na mmoja hawakusema uongo. Asubuhi ya Jumamosi gari la Masoud lilikuwa linang'aa, nje na ndani, matairi yote manne, na taulo tatu nyeupe za Bi Mize zilikuwa zimelala mchangani zikionyesha kazi ilivyofanyika. Kuhusu ucha Mungu, aliuliza kibla kiko upande gani, akaonyeshwa, na upande huo huo ndio aliouona unafaa kuweka spika. Kuhusu upole, Bi Mize alimwendea mara tano kumwomba apunguze muziki, na mara zote tano alijibiwa "sawa mama" kwa sauti laini ya mtu ambaye hakugusa kitu. Jiko la mkaa la kuchomea samaki walilitua sebuleni, juu ya mkeka wa ukindu alioushona mwenyewe kwa miezi mitatu. Mkeka ulikuwa mzima, ila katikati pana duara la kuingiza kichwa.

Bi Mize hakugomba. Alijifunga kanga yake ya pili akaenda dukani kwa Bi Saroj, anayeuza vitambaa na mashuka mtaa wa pili, na ambaye naye hupangisha chumba cha juu ya duka. Jina la Saroj lilikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja.

Wakasalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, za watoto, za miguu. Kisha Bi Mize akasema amekuja kununua taulo.

"Na mgeni wako hajambo?" akauliza Saroj, maana mtaa ule hauna siri.

"Ndiye aliyenileta kununua taulo."

Saroj akashika kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa, akakikunjua, akakikunja upya. Mwishowe akamweleza. Kwake Masoud alilala siku nne. Feni ilivunjika, ufunguo haukuonekana mpaka leo, na shuka moja alilikuta limekuwa pazia la gari.

"Lakini Bi Saroj, umeandika ni kama mtoto wa nyumbani."

"Si uongo. Wangu mwenyewe naye alivunja feni."

Wakacheka wote wawili, lakini Saroj aliacha kucheka kwanza. Akasema kijana yule alikaa pale pale alipokaa Bi Mize, kikombe cha chai mkononi, akamwambia mama tuandikiane, unipe tano nikupe tano. Mgeni yuko kwenye kiti chako, anakunywa chai yako, anakuita mama. Unamwandikiaje ubaya huku anakutazama? Na kabla ya hapo Saroj alikuwa amesoma maneno ya Bi Ashatu wa Kerege, kwamba huyu mtu ni msafi sana. Basi akajiambia labda kasoro iko kwake, labda feni zake mbovu. Baadaye alikutana na Ashatu arusini, wakaulizana, na Ashatu akacheka mpaka akafuta machozi kwa ushungi. Kumbe kwake Masoud alichoma godoro, na yeye Ashatu naye alinyamaza kwa sababu aliyemtangulia alikuwa amesifu. Watu wazima kumi na mmoja, kila mmoja ameona aibu ya nyumba yake mwenyewe.

"Sasa niambie," akasema Bi Mize polepole. "Wangekuja watu kukuulizia kijana huyu, anaposa kwao. Ungewaambia hayo hayo ya mtoto wa nyumbani?"

"Posa ni jambo jingine, dada. Pale kuna binti wa mtu."

"Na nyumba ya mtu?"

Saroj akageukia rafu ya taulo. Akamfungia taulo nne, na moja akasema si ya kuuza, ni yake yeye, kwa ajili ya nyota alizozitoa.

Bi Mize alilijua jambo la posa vizuri. Mtaani kwao familia ikiletewa mchumba hutuma mtu kuulizia kwa majirani, na mara nyingi huulizwa yeye, kwa sababu haongezi chumvi wala hapunguzi. Darsa la akina mama la Alhamisi lilikuwa limewafundisha waziwazi: kumsema mtu nyuma yake ni ghiba, na ghiba ni haramu, lakini mtu akikutaka ushauri ili asidhurike, mwambie unachokijua, uishie hapo. Katika posa ulimi wake haujawahi kutetemeka. Sasa ulitetemeka, kwa sababu posa hazina nyota, na hakuna mchumba aliyekataliwa akalipa kisasi kwa kumjazia mtu saruji sebuleni.

Jumapili asubuhi mabegi yakatoka. Mgeni haagwi mikono mitupu, awe amekuunguzia mkeka au hakukuunguzia, kwa hiyo Bi Mize alipika kahawa na kumfungia Masoud visheti. Masoud akakaa kwenye kiti cha sebuleni, miguu akaipitisha kwa ustadi pembeni ya lile duara, akatoa simu.

"Mama yangu, tuandikiane. Mimi naanza, nakupa zote tano."

Ilivyo ni kwamba kila mmoja huandika bila kuona ya mwenzake, na wakimaliza wote wawili ndipo yanafunguka. Adila alikuwa mlangoni, na macho yake yalikuwa yanamwomba shangazi yake jambo moja tu: mpe tano, aondoke, tupumue.

"Usiandike kwanza, mwanangu," Bi Mize akasema. "Mimi nitaandika niliyoyaona. Ukinipa tano ukidhani nami nakupa tano, nitakuwa nimekudanganya."

Masoud akatabasamu kama mtu aliyetaniwa na bibi yake. "Mama, watu kumi na mmoja wameniandikia vizuri."

"Waliona haya. Hata mimi naona haya. Ndiyo maana nakwambia usoni."

Tabasamu likakaa pale pale, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. "Unajua nikikupa moja, nyumba hii inakwenda wapi?"

"Najua. Kaka yangu ameshaipima."

Basi wakaandika, yeye kwenye kiti, Bi Mize kwenye kigoda, kama watoto wawili kwenye mtihani. Bi Mize alichukua muda. Aliandika: "Bwana Masoud ana maneno mazuri na salamu nzuri. Alisema wawili wakaja sita. Taulo zangu zilifuta gari. Mkeka wangu umeungua. Nilimwomba mara tano apunguze muziki. Namtakia heri, na anayeniulizia nimemjibu." Akampa nyota mbili, moja ya salamu alipofika, moja ya kuaga, maana aliaga vizuri pia, alichukua na visheti.

Yake Masoud yalikuwa na nyota moja. Alisema mwenyeji hana ukarimu, bomba la bafuni linavuja na adhana iko karibu mno. Yaani bomba na adhana aliviweka kapu moja.

Adila akapiga hesabu: nyota zimeshuka mpaka nne na nukta nne. Nyumba ikasukumwa nyuma. Wiki ya kwanza hakuna aliyeuliza, wiki ya pili hakuna aliyeuliza. Bi Mize aliswali, akafagia vyumba ambavyo hakuna aliyevichafua, na kila alipopita kwenye kioo alijiambia kwamba alifanya sawa, kisha akapita tena kuhakikisha.

Idi ilipobaki siku kumi, Dadi akaja na fundi ili, alivyosema, watazame tu upana wa mlango. Alikuwa na huzuni nyingi na utepe wa mita. Alimfariji dada yake kwamba mitandao ni ya vijana na kwamba wajukuu wanamsubiri kwa hamu. Huku fundi anasoma namba kwa sauti, simu ikalia ujumbe, na Adila akausoma.

Aliyeandika alijiita Shivani, wa Upanga, Dar es Salaam. Alitaka kumleta mama mkwe wake aliyepasuliwa goti, akapumzike siku kumi na mbili, na kwa mgonjwa hakutaka kubahatisha. Alisema amesoma nyumba zote za Bagamoyo mpaka ya mwisho, na kote wenyeji wanawasifu wageni na wageni wanawasifu wenyeji, hata hajui amwamini nani. Ni hapa tu alipokuta watu wamekosana. Akaona mwenyeji amelitaja alilotendewa bila tusi, basi huenda huyu akiulizwa atasema. Akauliza: je, bomba la bafuni linavuja kweli? Mama hatakiwi kuteleza.

"Sema hapana, shangazi," Adila akanong'ona. "Tutatengeneza kabla hajafika."

Bi Mize akaichukua simu, akavaa miwani.

"Linavuja," aliandika. "Tumekinga ndoo, lakini sakafu hulowa. Mama asije mpaka nikwambie limekauka. Adhana nayo iko karibu, na hiyo sina la kuifanya."

Akautuma ujumbe. Wakangoja, hata Dadi, utepe ukining'inia mkononi. Fundi peke yake aliendelea kupima, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.

Jibu likaja. Shivani alisema wanalipia siku zote kumi na mbili kuanzia Jumamosi, watasubiri neno la bomba, na mama mkwe huamka mapema hata hivyo.

Dadi akasafisha koo. Akasema siku kumi na mbili zinavuka Idi, kana kwamba kalenda imemfanyia hila.

"Zinavuka," alikubali dada yake kwa upole. Kisha akamgeukia fundi. "Baba, mabomba nayo unayaweza?"

Fundi akasema anayaweza, ila anahitaji mtu wa kumshikia spana. Bi Mize akamtazama kaka yake, na Dadi akakunja utepe, akakunja na mikono ya kanzu, akaingia bafuni.