Baba alimgawia shemeji yake dawa ya moyo, Mama akamkamata kwa kumshika mkono

Wakuu, kwema? Mlio makazini na mlio vijiweni, poleni na majukumu.

Hiki kisa ni cha nyumbani kwetu Buswelu, hapa Mwanza, na nakisimulia kilivyotokea, sijakiongezea chumvi. Wahusika wote wako hai na wameniruhusu. Baba kanipa sharti moja tu, niandike kwamba yeye bado ni kijana. Haya, nimeandika.

Baba ni fundi seremala, Msukuma wa Misungwi. Mama ni Mkerewe wa Nansio. Mimi ndiye Neema, mtoto wao wa kwanza, nauza vitambaa mtaani hapo hapo.

Mwaka jana Baba alikuwa anapiga randa mlango wa mteja, kifua kikambana, jasho likamtoka mpaka shati likalowa. Yeye akasema ni gesi, akaagiza soda. Mama hakubishana naye, akaita bajaji. Hospitali wakatuambia ni mshtuko wa moyo na kwamba tumewahi.

Namshukuru Mungu, halafu namshukuru Mama kwa ubishi wake.

Baba akaruhusiwa na dawa za aina kadhaa. Mojawapo ni kidonge kidogo, wenyewe wataalamu wanakiita beta blocker. Daktari wake, dada mmoja mpole ila hana mchezo, akatufafanulia: moyo umeumia, hiki kidonge kinauzuia usiende mbio, ufanye kazi bila kujichosha. Anywe kila siku. Akisahau, asinywe viwili kufidia. Akiwa amekaa au amelala, ainuke taratibu asije akapata kizunguzungu. Na kubwa kuliko yote, asiache ghafla hata akijiona mzima kabisa.

Kisha akamgeukia Mama. "Kila asubuhi kabla hajanywa, mshike mkono, hapa kwenye kifundo cha mkono, umhesabie mapigo. Yakishuka chini ya kiwango nilichokutajia, au akiona giza, mnipigie kwanza."

Mama akainamisha kichwa. Wakuu, hawa wazazi wetu mnawajua. Kanisani wanakaa pande mbili tofauti. Barabarani Baba anatangulia, Mama anafuata na mkoba wake. Mimi na utu uzima wangu huu sijawahi kuwaona wameshikana mikono, ndiyo adabu waliyokulia.

"Daktari, nimshike mbele za watoto?"

"Mshike mama, si ni wako?"

Nilitoka nje kwenda kucheka, nisiwe muongo.

Basi ikawa ndiyo ratiba. Asubuhi wanakaa kwenye benchi mbele ya karakana, Mama anashika mkono, anaangalia saa ya ukutani, midomo inacheza. Mwanzoni alikuwa anafunika ile mikono kwa khanga, eti majirani wasione. Jamani!

Tatizo likawa Baba mwenyewe. Alianza kulalamika kwamba kidonge kinamlegeza, vidole vinakuwa baridi, randa imekuwa nzito. Lakini akienda kliniki na kuulizwa, "Mzee unajisikiaje?", anajibu "Mzima kabisa!" kama anaomba kazi jeshini.

Ikafika kipaimara cha mjukuu wa mjomba wangu, kule Nansio. Mama goti lilikuwa linamsumbua, akabaki. Baba akapanda meli peke yake, dawa zake mfukoni, kaaga kwa mbwembwe zote.

Mjomba, kaka yake Mama, ana presha. Pia ana pumu tangu utoto, ila pumu tulishaizoea kiasi kwamba hakuna anayeitaja. Huko kwenye kuongea, akaviona vile vidonge vidogo vya Baba. Akauliza, "Shemeji, hivi vinasaidia?" Baba akavisifia kweli kweli, vimemtoa kaburini.

Mjomba akaomba.

Sasa kwetu, mtu uliyemwoa dada yake akikuomba kitu, hanyimwi. Ni aibu. Ukimnyima, hadithi itakufuata mpaka msibani kwako. Na Baba alikuwa ameshavichoka. Akavitoa vyote akaviacha mezani kwa shemeji yake, akarudi Mwanza mwepesi, anajiona kamaliza mambo mawili kwa mpigo.

Asubuhi ya pili baada ya kurudi, Mama kashika mkono, mara akaiangalia saa tena.

"Baba Neema, huu moyo unakimbilia wapi?"

"Uchovu wa safari tu."

"Jana ulisema safari. Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa."

Mama hakuuachia mkono. Akasema polepole, "Mimi huu mkono nimeuzoea sasa. Huu haujanywa dawa." Hapo Baba jasho likaanza kumtoka usoni, akajishika kifua.

"Nimemwachia shemeji."

"Shemeji yupi?"

"Kaka yako."

Mama alilia wakuu. Alilia huku anamfunga vifungo vya shati ili watoke. "Mnataka kuniua? Mume huku, kaka kule, mimi mnaniachia nani?"

Wakati bajaji inakuja, nikampigia mjomba.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu," sauti inapanda na kushuka, unasikia kabisa pumzi inavyomgomea. "Nimeanza zile dawa za baba yako. Kifua kimebana kidogo, nadhani ni huu upepo wa ziwani."

Upepo wa ziwani! Nikamwambia asiguse kingine, aende hospitali sasa hivi na avibebe vile vidonge awaonyeshe. Akaenda. Wakamvutisha dawa ya kufungua kifua, wakamwambia mwenye pumu haanzi dawa ya namna hiyo kwa kugawiwa mezani.

Baba walimlaza. Wakambandika zile nyaya kifuani, wakamtuliza. Yule daktari alipofika hakupaza sauti, ndiyo ikatisha zaidi. Alisema moyo uliozoea kushikwa ukiachiwa ghafla unaweza kutimka, na mshtuko mwingine ungeweza kuja pale pale.

Baba akasema kweli kwa mara ya kwanza: "Mwanangu, zinanichosha."

"Sasa si ungeniambia, mzee wangu?" Daktari akampunguzia dozi mwenyewe, kwa utaratibu. Siku hizi randa inatembea vizuri.

Nilichojifunza ni hiki. Dawa ya moyo si zawadi ya kumpelekea shemeji, hata kama mnapendana vipi. Ikikuchosha, mwambie aliyekuandikia, usijiachishe. Na wazee wetu wakisema "mzima kabisa", ulizeni tena.

Nyie wenzangu, wazee wenu mnawasimamiaje? Mwenye mbinu aiweke hapa, na wenye utaalamu nirekebisheni nilipokosea. Wabeja sana, yaani asanteni.

Mimi niliwanunulia mashine ya kupimia mapigo, iko kabatini, haijawahi kutolewa kwenye boksi. Leo asubuhi nimepita, nimewakuta kwenye benchi, khanga imewekwa pembeni, mkono wa Baba uko mapajani kwa Mama.

"Mama, yamefika mangapi leo?"

"Subiri kwanza, nimepoteza hesabu. Naanza upya."

Anaipoteza kila siku wakuu, na Baba hajawahi kulalamika.