Mama Mzima Niliyemwombea Rehema

Hii aibu ningeificha, lakini watu wa Kajaga waliipiga video, na hiyo video imeshavuka ziwa mpaka Kigoma na Uvira, basi afadhali muipate kwangu mwenyewe kuliko kwenye telefone za wajukuu wenu.

Mnanijua, mi Bibi Mariamu. Shule niliiacha darasa la pili, lakini majina sisahau. Kila Alhamisi baada ya Alasiri wanawake wa mtaa wetu huu wa Jabe wanakusanyika kwangu kuwaombea wafu wetu, na mi ndiye ninayewataja mmoja mmoja pamoja na jina la baba yake, bila karatasi, na hakuna mutu aliyewahi kusema nimemruka wa kwake. Hiyo ndiyo heshima yangu, sina nyingine.

Sasa kuna huyu mwimbaji wa Kigoma, Sefu Marimba. Alitoa wimbo wa kumlilia mama yake, anamtaja humo kabisa, Zena binti Ramazani, kwamba walimzika yeye yuko safarini, hakutupa hata konzi ya udongo. Jabe yote ililia (hata Mzee Kondo fundi magari, ambaye alimzika mke wake macho makavu). Nikasema maskini, huyo mama ataombewa na nani, nikamwingiza kwenye majina yangu. Miaka miwili, Alhamisi kwa Alhamisi.

Halafu redio zikaanza kumsema Sefu vibaya. Nilichofanya ni kitu kidogo tu, kila wakimtaja nazima. Mjukuu wangu Hadija alijaribu, "Bibi, kuna maneno juu ya mama yake," nikamkata, "Mama wa watu yuko kaburini, maneno ya maiti hapa kwangu apana."

Basi Sefu akaja kuimba Kajaga, ufukweni, Jumapili mchana. Kwao walikuwa hawamtaki tena, hata arusini hawamuiti, lakini huku kwetu watu walijaa mpaka wengine wakasimama majini, nusu kwa mapenzi, nusu (mi sikujua) kwa kuja kumzomea. Mtangazaji akauliza nani mzee kuliko wote hapa, na mi, badala ya kuuacha mkono wangu magotini ukapumzika, nikaunyoosha. Wakanipandisha jukwaani, wakanipa mikro. Nikamwona Sefu macho chini, nikamhurumia, nikasema, "Kabla ya ngoma tuinue mikono, tumwombee marehemu mama yake, Zena binti Ramazani, Mungu amrehemu."

Kicheko kilichotoka pale nilifikiri kilemba changu kimefunguka. Nikajishika kichwa, kilemba kipo. Nikarudia kwa sauti zaidi (ndiyo, nilirudia). Kijana mmoja wa mbele akasema, "Bibi, marehemu yuko nyuma yako anakunywa soda."

Nikageuka. Mwanamke mnene, kitenge cha njano, chupa mkononi.

"Mi ndiye Zena," akasema. "Nimevuka na mwanangu."

Hapo ndipo nikaelewa kile ambacho mji mzima ulikuwa unakijua: Sefu alimzushia mama yake kifo ili wimbo upate machozi. Lakini sikumfikiria Sefu, nilifikiria Alhamisi. Wanawake wangu watasema, kama amemweka mzima kati ya wafu, wa kwangu je, anamtaja sawa?

Mama Zena akaniuliza, mikro bado iko wazi, "Umeniombea mara ngapi?"

"Kila Alhamisi, dada. Miaka miwili."

"Na jina la baba yangu unalitaja?"

"Ramazani, silirukagi. Babu yako ndiye nilikuwa simjui, unisamehe."

Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Akamgeukia mwanawe. "Umesikia we? We ulinizika ili upate jina. Huyu hata picha yangu hajaona, akanibebea jina langu kila wiki. Omba msamaha hapa hapa, kwake na kwangu."

Sefu akapiga magoti, akatuomba msamaha. Alipoinuka akauimba ule ule wimbo, ila mwisho akaugeuza, kwamba Zena binti Ramazani yupo na bado anampikia, na waliokuja kuzomea ndio walioitikia kwa nguvu kuliko wote, na mi katikati, Mama Zena amenishika kiuno, nacheza na goti langu hili bovu, watu wanaita Bibi Mariamu, Bibi Mariamu. Sasa arusi za huku na za kwao zinaupiga huo.

Alhamisi iliyofuata nilitandika mikeka nikijua hatakuja mutu. Walikuja mpaka wakakosa pa kukaa, na wengine walivuka kutoka Uvira na majina ya wafu wao, wanasema kama mama wa mwimbaji nilimkumbuka hivyo, basi wamempata mutu wa kumwachia.

Lakini nimeapa. Jina haliingii tena kichwani mwangu kabla sijauliza nani alimwosha na kaburi liko wapi. Wimbo si ushahidi. Shida ni moja, asiye na karatasi hana pa kufuta. Juzi Mama Zena alikuja kunitembelea, amekaa mkekani karibu yangu, naenda na majina yangu vizuri, ulimi ukapita njia yake ya zamani: "Zena binti Ramazani." Wanawake wote wakafumbua macho kumtazama. Yeye, macho ameyafumba na mikono iko juu, akaitikia wa kwanza, "Amina."